Nani Ameyapima Maji Haya?

  Kama unatusikiliza ukiwa shambani, tafuta kivuli uketi, kwa sababu mazungumzo ya leo ni hadithi ndefu kidogo, na sehemu yake kubwa ilitokea mbali na hapa. Lakini tutarudi nyumbani, msiwe na wasiwasi.

Tuanze na siku ya kisima kipya. Mnajua siku hiyo ilivyo. Mashine imenguruma siku mbili tatu, vumbi jeupe la mwamba limetanda, watoto wamekatazwa kusogea, halafu ghafla maji yanaruka. Akina mama wanapiga vigelegele. Kisha mzee mmoja anaitwa, anapewa kikombe, aonje. Watu wote wanamtazama usoni. Akikunja uso, tunajua ni kiw'u kya munyu, maji ya chumvi, na michango ya watu imezama ardhini. Akitabasamu, basi, kisima kimefaulu mtihani, na kesho yake asubuhi punda wamepanga foleni.

Leo nataka tumwulize mzee huyo swali moja, kwa heshima zote: mzee wetu, ulimi wako umeonja nini, na ni nini ambacho haukuweza kuonja?

Sisi wa upande huu hatuna haja ya kufundishwa kwamba sumu inaweza kuwa haina ladha. Mwaka 2004, katika wilaya za Makueni na Kitui na majirani zake, watu 317 waliugua kwa kula mahindi yaliyokuwa na aflatoksini, ile sumu ya ukungu, na 125 kati yao wakafariki. Mahindi yale yalipikwa yakawa ugali na muthokoi, yakaliwa na familia nzima, na chakula hakikuwa na dalili ambayo mpishi angeijua. Ilibidi mahindi yapelekwe maabara ndipo ijulikane ni kitu gani kilichokuwa kikiua. Tangu hapo neno "kupima mahindi" si geni masikioni mwetu. Neno "kupima maji" bado ni geni kidogo. Na hata linapotajwa, wengi wetu hufikiria vijidudu vya kolera na homa ya matumbo peke yake. Hao ni maadui wa kweli, na tumewazungumzia sana katika kipindi hiki. Leo nazungumzia kitu ambacho hakifi kwa kuchemshwa, kwa sababu hakina uhai.

Kwa Vonza iko kwenye barabara itokayo Machakos kwenda Kitui, mashariki ya mto Athi. Mvua ni haba, na mito mingi ni ya mchanga, inayopitisha maji siku chache kwa mwaka. Chini ya mchanga na udongo kuna mwamba mkongwe sana, uliopikwa na kukandamizwa huko chini kwa mamia ya mamilioni ya miaka. Mvua inayoingia kwenye nyufa za mwamba huo hukaa humo muda mrefu, pengine miaka mingi kabla ya sisi kuifikia kwa mashine. Na maji yakikaa na jiwe, hulilamba. Huchukua chumvi, chokaa, chuma, na mara nyingine huchukua floraidi, ambayo hutoka katika madini kama ulanga, ule unaometameta kama vipande vya kioo unapopasua mawe yetu. Ndiyo maana kisima cha huku kinaweza kuwa na maji matamu, na kingine, mwendo mfupi tu kutoka hapo, kikawa na maji ambayo hata mbuzi anasitasita kuyanywa. Kila kisima kina mwamba wake.

Chumvi ulimi unaijua. Floraidi ulimi hauijui, si kwa viwango tunavyokutana navyo visimani. Maji yenye floraidi nyingi yanaweza kuwa meupe, baridi na matamu, na mzee wetu akatabasamu.

Watu waligunduaje basi? Hapa ndipo hadithi inapotupeleka Marekani, zaidi ya miaka mia moja iliyopita.

Mwaka 1901 daktari kijana wa meno aitwaye Frederick McKay alifungua kliniki katika mji wa Colorado Springs, chini ya milima mirefu. Akashangaa. Watu waliozaliwa pale walikuwa na meno yenye madoa ya kahawia, mengine rangi ya chokoleti. Akauliza sababu, kila mtu akampa yake: nyama ya nguruwe nyingi mno, maziwa mabaya, maji yenye chokaa. Vitabuni hakukuta kitu. Ilipofika mwaka 1909 alimshawishi Greene Vardiman Black, aliyekuwa mmoja wa madaktari wa meno mashuhuri kabisa nchini humo, aje ajionee mwenyewe. Wakachunguza watoto pamoja. Karibu tisa kati ya kila kumi wa waliozaliwa pale walikuwa na madoa. Lakini aliyehamia mjini akiwa mtu mzima, meno yake yameshakomaa, hakupata doa hata moja. Kwa hiyo kitu hicho kilikuwa kikiwapata watoto wakati meno yao ya ukubwani yakiwa bado yanajengwa ndani ya ufizi.

Sikilizeni sasa kisa cha mji mdogo wa Oakley, jimbo la Idaho. Ndicho kisa ninachokipenda kuliko vyote katika historia hii, kwa sababu wachunguzi wa kwanza walikuwa wazazi. Mwaka 1923 walimweleza McKay kwamba madoa yalianza kuonekana kwa watoto wao baada ya mji kujenga bomba la kuleta maji kutoka chemchemi ya maji vuguvugu, umbali wa kama kilomita nane. Kabla ya bomba, hapakuwa na madoa. McKay akayapeleka maji yale yakapimwe. Majibu yakarudi: hakuna kitu cha kutilia shaka.

Wewe ungefanya nini na karatasi kama hiyo? Wengi wetu tungeifunga kwenye fremu tuitundike ofisini. McKay aliwaambia wazazi waliache bomba lile, watumie chemchemi nyingine iliyokuwa karibu. Wakamsikiliza. Baada ya miaka michache watoto wadogo wakaanza kuota meno ya ukubwani meupe, safi. Karatasi ilisema maji ni mazuri, macho ya akina mama yakasema si mazuri, na akina mama ndio waliokuwa sahihi.

Je, wapimaji walidanganya? La. Walitafuta vile vitu ambavyo watu wa wakati ule walizoea kuvitafuta katika maji, na floraidi haikuwa mojawapo. Tafadhali lishike jambo hilo, mpenzi msikilizaji, maana tutalikuta tena mbele: kipimo hujibu swali lililoulizwa. Lile ambalo halikuulizwa, karatasi hainyamazi kwa sababu halipo, inanyamaza kwa sababu hakuna aliyeuliza.

(Muziki mfupi)

Jibu lilitoka mahali ambapo hapakutarajiwa. Kulikuwa na mji uitwao Bauxite, jimbo la Arkansas, uliokuwa chini ya kampuni ya aluminiamu ya ALCOA. Mnamo mwaka 1909 mji huo ulibadilisha maji yake ukaanza kutumia visima virefu, na watoto waliokulia kwenye maji hayo mapya wakaota meno yenye madoa. Mji wa jirani, wenye maji mengine, ulikuwa salama. Wakati huo kulikuwa na uvumi kwamba sufuria za aluminiamu zina sumu, kwa hiyo mkemia mkuu wa kampuni, H. V. Churchill, hakutaka jina la aluminiamu lichafuliwe zaidi. Akaagiza maji ya Bauxite yapimwe kwa chombo kinachosoma mwanga: kila madini yakichomwa sana hutoa mwanga wa rangi zake, kama vile chumvi ikianguka jikoni moto unavyogeuka wa njano. Mwaka 1931 chombo kikaonyesha floraidi, milligramu 13.7 katika kila lita. Churchill mwenyewe hakuamini. Alidhani chupa ilikuwa imechafuliwa, akaagiza iletwe nyingine. Ya pili ikatoa jibu lile lile. Akamwandikia McKay barua, akamwomba amletee maji ya miji yote yenye madoa ya meno. Kote floraidi ilikuwa juu.

Miaka 30 tangu daktari yule afungue kliniki yake! Hebu fikiri ni watoto wangapi waliota meno katika miaka hiyo. Na si kwamba hakukuwa na maabara. Maabara zilikuwepo. Lakini maabara yenyewe hasa, iliyokuwa ikifanya kazi kila siku bila kulipwa, ilikuwa midomo ya watoto.

Baada ya hapo mambo yalienda haraka. Serikali ya Marekani ilimpa kazi Trendley Dean atafute ni kiasi gani kinaleta madhara, na mkemia mwenzake, Elias Elvove, akatengeneza njia ya kupima kiasi kidogo sana, sehemu ya kumi ya milligramu katika lita. Ikaonekana kwamba floraidi kidogo, kama milligramu moja, haidhuru, na hata huyasaidia meno yasioze. Ni kama chumvi katika mboga: kidogo ni sawa, ikizidi unaharibu sufuria nzima. Shirika la Afya Duniani limeweka mpaka kuwa milligramu 1.5 kwa lita, na huo ndio mpaka wa kanuni za ubora wa maji za Kenya za mwaka 2006.

Milligramu 1.5 ni kitu gani? Chukua mtungi wako wa lita 20. Ukiwa kwenye mpaka huo, una milligramu 30 za floraidi ndani yake. Chumvi unayoishika kwa ncha za vidole viwili ni nyingi kuliko hiyo. Ndiyo maana nasema tumwonee huruma mzee wetu na kikombe chake.

Hapa Kenya, mwaka 1953 ndipo madoa ya meno yalipoandikwa kwa kirefu. Mwaka huo Williamson alichapisha ripoti yake katika jarida la East African Medical Journal, na Ockerse naye akaandika katika jarida la madaktari wa meno la Uingereza. Wenyeji wa Bonde la Ufa walikuwa wameyaona meno hayo zamani, bila shaka. Ukikutana na mtu, akacheka, ulijua anakotoka. Katika miaka ya 1980 watafiti wa Kenya walikusanya matokeo ya maji ya ardhini kutoka sehemu zote za nchi, zaidi ya sampuli 1,000. Katika kila sampuli 100, 61 zilizidi milligramu 1 kwa lita, karibu 20 zilizidi 5, na 12 zilizidi 8. Viwango vya juu kabisa, milligramu 30 hadi 50, vilikuwa katika maeneo ya volkano ya Nairobi, Bonde la Ufa na Mkoa wa Kati wa wakati huo.

Najua kuna mtu Kwa Vonza amepumua sasa hivi, akisema, "Kumbe ni mambo ya Nakuru." Ni kweli kwamba mwamba wetu si ule wa volkano changa za Nakuru, na mimi sitasimama hapa kuwatisha watu kwamba kila kisima cha Kitui kina sumu. Nisingesema kweli. Lakini wastani wa mkoa haunywewi na mtu. Tunachokunywa ni maji ya kisima kimoja, kile chetu, na kama nilivyosema, kila kisima kina mwamba wake.

Jirani zetu wa Tanzania wametupa somo jingine. Mtu akisafiri kutoka Arusha kwenda Moshi hupita mahali paitwapo Maji ya Chai, jina linalotokana na rangi ya maji ya mto wake. Eneo lile la Mlima Meru lina floraidi nyingi, na karibu na hapo, Ngurdoto, serikali iliweka kituo cha utafiti wa kuipunguza. Mwaka 1974 Tanzania iliweka kiwango cha muda kwa maji ya vijijini, nacho kilikuwa milligramu 8 kwa lita. Nane! Waliofanya hivyo hawakuwa watu wajinga wala wakatili. Walikuwa na vijiji ambavyo havikuwa na maji mengine, na sheria ya 1.5 ingefunga visima watu wakafa kiu au wakarudi kwenye madimbwi. Baadaye kiwango kilishushwa hadi 4, na kisha 1.5. Mimi siwalaumu. Lakini kiwango cha serikali ni uamuzi wa watu wanaopima hasara mbili, na meno ya mtoto hayasomi gazeti la serikali.

Sasa lile nililowaomba mlishike. Bangladesh, katika miaka ya 1970, watoto wengi walikufa kwa kuhara kwa sababu ya kunywa maji ya mabwawa. Serikali na UNICEF wakahimiza visima vya pampu ya mkono, na baada yao wananchi wenyewe wakachimba kwa mamilioni. Lilikuwa jambo jema, na maji yalikuwa meupe, baridi, bila vijidudu. Lakini katika udongo wa nchi ile kulikuwa na aseniki. Tayari mwaka 1983, ng'ambo ya mpaka huko India, daktari wa ngozi mjini Kolkata alikuwa ameanza kuwaona wagonjwa wenye madoa na ngozi ngumu viganjani. Ndani ya Bangladesh aseniki ilithibitishwa mwaka 1993. Hadi mwaka 2000 ilikadiriwa kwamba watu kati ya milioni 35 na milioni 77 walikuwa katika hatari, na waandishi wa makala katika jarida la Shirika la Afya Duniani wakalitaja kuwa tukio kubwa kuliko yote ya watu kulishwa sumu katika historia.

Na mwaka 1992, wataalamu wa jiolojia kutoka Uingereza walikuwa wameyapima maji ya visima vya huko. Walipima vitu vingi. Aseniki hawakuipima. Mwanakijiji mmoja aliwapeleka mahakamani Uingereza, kesi ikafika Baraza la Mabwana, na mwaka 2006 akashindwa: mabwana majaji walisema ripoti ile haikuwa ahadi kwa wanywaji wa maji yale. Kisheria pengine ni sawa. Lakini turudi Oakley, mwaka 1923. Hadithi ni ile ile. Karatasi haikudanganya, ila swali lenyewe halikuulizwa.

Baadaye Wabangladesh walifanya kazi kubwa ambayo naistahi sana. Walipita kijiji kwa kijiji na vifaa vidogo vya kupimia, wakapima karibu visima milioni 5, na kila kisima wakakipaka rangi. Kijani, kunywa. Nyekundu, usinywe. Mara nyingi pampu nyekundu na pampu ya kijani zilikuwa katika uwanja mmoja. Mama asiyejua kusoma alijua achote wapi. Kifaa chenyewe kilitumia ujuzi wa zamani, wa karne ya 19: unaweka dawa kwenye maji, aseniki inapanda kama hewa, inagusa kikaratasi kilichotiwa dawa, kikaratasi kinageuka njano hadi kahawia. Kadiri rangi inavyokolea ndivyo sumu ilivyo nyingi.

Floraidi nayo ina kipimo chake cha rangi. Kuna dawa nyekundu ambayo hufifia ikikutana na floraidi. Tangu mwaka 1966 kuna pia kijiti chenye fuwele maalumu kwenye ncha, kilichobuniwa na Wamarekani wawili, Frant na Ross. Kinatumbukizwa majini na kinatoa jibu kwa dakika chache. Maabara nyingi za maji za nchi yetu hutumia mojawapo ya njia hizo mbili.

Hapa niseme neno kuhusu kile kikalamu cha kielektroniki ambacho siku hizi wauza maji na mafundi wa pampu hutembea nacho mfukoni. Hukichovya kwenye glasi, namba inatokea, nao hukuonyesha kwa fahari: "Ona, 400 tu, maji safi!" Kikalamu hicho ni kizuri kwa kazi yake. Kinapima jumla ya chumvi zilizoyeyuka, na kanuni za 2006 ziliruhusu hadi milligramu 1,200. Lakini ni ulimi wa mzee uliowekewa betri. Hakiwezi kutofautisha chumvi ya kawaida na floraidi, wala hakijui chochote kuhusu aseniki. Maji yenye namba 400 yanaweza kuwa na floraidi milligramu 5, na maji yenye namba 1,500 yakawa nayo chini ya 1. Ukionyeshwa namba, uliza ni namba ya nini.

Kwa hiyo kikundi cha maji kifanye nini? Mchimbaji anapokabidhi kisima anatakiwa awe na kumbukumbu zake, na kati ya hizo iwepo karatasi ya maabara. Msiridhike na neno "yanafaa" chini ya karatasi. Shukeni mstari kwa mstari. Je, floraidi imeandikwa? Naitreti, ambayo hutoka kwenye vyoo na zizi na ni hatari kwa watoto wachanga, imeandikwa? Aseniki? Risasi? Manganisi? Kama mstari haupo, hakuna aliyepima. Ofisi ya maji ya kaunti au afisa wa afya ya umma wa eneo lenu anaweza kuwaelekeza pa kupeleka maji. Idara ya Mkemia Mkuu wa Serikali hupima, na Mamlaka ya Rasilimali za Maji, inayotoa vibali vya visima, ina maabara zake. Hata Kwa Vonza kwenyewe, tangu mwaka 2013 kuna chuo kikuu kamili, South Eastern Kenya, chenye walimu wa sayansi ya maji na kemia. Kubisha hodi ni bure.

Kuchukua maji ya kupima nako kuna adabu yake. Endesheni pampu kwanza, maji yaliyolala bombani yaishe. Tumieni chupa ya plastiki safi, si ya glasi, maana floraidi huweza kushikana na glasi. Isuuzeni mara tatu kwa maji yale yale ya kisima, bila sabuni, ndipo mjaze na kufunga. Andikeni jina la kisima, tarehe na saa. Chupa ya kupimia vijidudu ni nyingine kabisa, maabara ndiyo itakayowapa, na hiyo husafirishwa kwenye baridi na kufika ndani ya saa 24. Msichanganye chupa hizo mbili. Na pimeni tena kiangazi kikali, kwa maana maji yakipungua kisimani, madini yake yanaweza kuongezeka.

Wanaochota kwenye mchanga wa mito wana maswali mengine. Mabwawa ya mchanga yaliyojengwa Kitui, mamia yake kwa msaada wa shirika la SASOL tangu miaka ya 1990, yameokoa miguu ya akina mama wengi, na mchanga husafisha uchafu vizuri. Hata hivyo haushiki kitu kilichoyeyuka. Kijito kinachoanzia milimani kwetu hakinipi hofu sana. Athi ni jambo jingine, kwa sababu mto Nairobi humwaga humo kila kinachotoka jijini, viwandani na mitaroni. Ndiyo maana watu wa Makueni, walipozungumza juu ya Bwawa la Thwake, waliuliza pia kuhusu ubora wa maji ya Athi, mbali na saruji na fedha. Waliuliza swali zuri.

Na karatasi ikija na habari mbaya? Wengine wataniambia: bora tusipime, tusijue, kwa sababu maji mengine hatuna. Naielewa hofu hiyo. Lakini kisima chenye floraidi hakifungwi kufuli. Ng'ombe, kufua, kuoga na kumwagilia sukuma viendelee. Linalobadilika ni kikombe cha mtoto aliye chini ya miaka 8, na cha mama anayemchanganyia mtoto uji. Huyo apewe kwanza maji ya mvua kutoka kwenye tangi la bati, hata kama ni kidogo. Tangi la shule litengwe kwa ajili ya kunywa tu. Ukichanganya nusu maji ya mvua, nusu ya kisima, floraidi inashuka nusu pia. Kuchemsha hakusaidii, kwani maji hupanda na mvuke na floraidi hubaki sufuriani ikiwa nyingi kuliko mwanzo. Dawa ya klorini huua vijidudu, floraidi haiigusi. Kule Nakuru, tangu mwaka 1998, Dayosisi ya Kikatoliki imekuwa ikitengeneza vichujio vya mifupa ya ng'ombe iliyochomwa, na mifupa hiyo hunasa floraidi vizuri sana. Baada ya muda mifupa hushiba, inaacha kunasa, na maji hutoka yakiwa meupe na matamu kama jana. Hapo tena mtu hujua kwa kupima tu.

Na tuwe wakweli kuhusu madhara. Floraidi ya milligramu 2 au 3 haimlazi mtu hospitalini. Huanza na mistari myeupe kama chaki kwenye meno ya mbele, kisha kahawia, na mtoto anajifunza kucheka huku ameziba mdomo kwa kiganja. Ikipita 10 kwa miaka mingi, mifupa na viungo hukakamaa, mgongo hauinami. Doa la jino likishatokea haliondoki kwa msuwaki wala kwa majivu. Kwa hiyo ewe mwalimu wa darasa la pili au la tatu, unayenisikiliza, wewe una daftari ambalo maabara haina. Waambie watoto wako wacheke. Ukiona madoa kwa wengi wao, waulize ni kisima gani kilichowakuza, na upeleke majina ya visima hivyo kwa afisa wa afya.

Wiki ijayo, saa hii hii, tutazungumza juu ya kuosha tangi la mvua kabla ya mvua za Novemba. Waliotuuliza kuhusu mipira ya gata na maji ya kwanza ya bati watapata majibu yao hapo. Hadi wakati huo, kwaherini.